Modeli ya karatasi ya Messerschmitt Bf 109 G-6 (1:33): kiwiliwili hakifungi, pengo la milimita 4 tumboni

MwalimuMoro

Ndugu wanajamvi, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Tangu muhula uanze nimekuwa nikibaki na wanafunzi wachache baada ya vipindi tukijenga modeli ya karatasi ya ndege ya kivita ya Kijerumani, Messerschmitt Bf 109 G-6, kwa kipimio cha 1:33. Faili tulilinunua mtandaoni, lina kurasa nane za A4, na michoro yake ni mizuri kwa kweli: hata riveti za mabawa zinaonekana.

Tumekwama kwenye sehemu ya tatu ya kiwiliwili, ile inayoanza nyuma ya kiti cha rubani. Kila ninapoizungusha ngozi (karatasi ya nje iliyochapwa) juu ya fremu yake (umbo la ndani linaloishikilia), kingo mbili za chini hazikutani, na linabaki pengo ambalo nimelipima kwa rula nikapata milimita 4. Ngozi zote zilichapwa katika duka la steshenari hapa mjini, kwenye manila nyeupe. Fremu za mwanzo zilichapwa hukohuko, lakini kijana mmoja alizikata ndani ya mstari zikaharibika, kwa hiyo nilichapa nyingine kwa printa ya shuleni kwenye karatasi ya kawaida, nikazibandika juu ya kadibodi ya boksi la biskuti na kuzikata upya. Ngozi ya sehemu ya pili na ya tatu nimeziunganisha kwa utepe wa ndani kama maelekezo yanavyosema.

Nilikuwa karibu kuchukua mkasi na kuzipunguza fremu kwa kukadiria kwa macho, lakini nikaona niulize kwanza. Je, kosa liko wapi? Naomba pia kujua jinsi mnavyoficha ule weupe wa kingo za karatasi baada ya kukata, na kama inawezekana kutengeneza nakala ndogo ya 1:48 kutoka faili hilihili, kwa sababu kabati la maonyesho ni jembamba. Kibao cha maelezo tumeshakiandika: "Ndege iliyopigana katika anga ya Uingereza, 1940."

WembeMkali

Mwalimu, mkasi uweke chini kwanza. Fremu iliyopunguzwa kwa kukadiria hairudi, na ndege yenye fremu za kukadiria huishia na kiwiliwili chenye mabonde na vilima kama barabara ya vumbi baada ya masika.

Karibu kila faili la modeli lina mstari wa kupimia, mara nyingi chini ya ukurasa, wenye urefu wa milimita 50 au 100. Chukua ukurasa mmoja wa ngozi uliochapwa dukani na ule wa fremu uliochapa mwenyewe, upime mistari hiyo miwili kwa rula ileile, kisha utupatie majibu. Kama faili lako halina mstari huo, pima bawa: Bf 109 G-6 halisi ilikuwa na upana wa mita 9.92 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, na kwa 1:33 hiyo ni milimita 300 na nusu hivi. Bawa moja pamoja na nusu ya upana wa kiwiliwili lazima vifike 150.

Nauliza hivyo kwa sababu kompyuta nyingi za dukani zimewekwa zitoshee mchoro ndani ya ukurasa, na mhudumu wala hajui kwamba ameupunguza. Kwa barua ya maombi ya kazi haina madhara yoyote. Kwa modeli ni balaa, hasa nusu ya kurasa zinapotoka mashine moja na nusu nyingine mashine tofauti, kama ulivyofanya wewe.

MwalimuMoro

Ahsante sana, ndugu. Nimepima mbele ya wanafunzi wenyewe. Mstari wa milimita 100 kwenye kurasa za ngozi unasoma 97. Kwenye ukurasa wa fremu unasoma 100 barabara.

WembeMkali

Basi sehemu kubwa ya ugonjwa imeonekana. Mzingo wa kiwiliwili nyuma ya rubani, kwa kipimio hicho, ni takriban milimita 90. Ngozi yako imepungua kwa asilimia 3, na asilimia 3 ya 90 ni milimita 2.7. Fremu imebaki na ukubwa wake kamili, kwa hiyo ngozi haiwezi kuizunguka hata ukiivuta vipi, na ukiivuta sana itachanika kwenye mkunjo.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuchapa ngozi zote upya kwa asilimia 100, ambayo ni gharama ya manila na wino na kazi yote mliyokwisha kuifanya. Ya pili ni kuchapa ukurasa wa fremu upya kwa asilimia 97. Mimi ningechagua ya pili bila kusita. Modeli yako itakuwa ya 1:34 badala ya 1:33, mabawa yatapungua kwa milimita 9, na hakuna mgeni wa shule atakayeingia na rula. Sharti ni moja tu, kwamba kila kitu kilichobaki, kuanzia magurudumu hadi rafadha (panga boi la puani) na tangi la ziada la mafuta, nacho kichapwe kwa 97. Andika namba hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha mnamohifadhi kurasa.

Kuhusu 1:48, hesabu ni 33 kugawanya kwa 48, yaani asilimia 68.75. Printa nyingi hazikubali desimali, kwa hiyo weka 69. Tatizo litakuwa unene, kwa maana ukipunguza mchoro hujapunguza karatasi. Fremu iliyokusudiwa kubandikwa kwenye kadibodi ya milimita 1 sasa inahitaji ya milimita 0.7, na vipande vidogo kama mabomba ya moshi ya injini havitajikunja kwa manila, itabidi uvichape kwenye karatasi nyepesi ya kawaida. Sikukatazi, ila wanafunzi wamalize kubwa kwanza.

BintiPwani

Nakubaliana na kaka WembeMkali kuhusu printa, lakini hesabu yake inatoa 2.7 na mwalimu amepima 4. Milimita 1.3 iliyobaki imekwenda wapi?

Jibu naliona katika sentensi ya mwalimu mwenyewe: ameunganisha ngozi kwa utepe wa ndani, kisha akaingiza fremu palepale. Utepe wa manila una unene wa karibu milimita 0.2. Ukikaa kati ya fremu na ngozi, unaongeza nusu kipenyo kwa 0.2, na mzingo unaongezeka kwa 2 mara 3.14 mara 0.2, ambayo ni 1.26. Jumlisha na 2.7 uone. Kwa hiyo hata fremu za asilimia 97 zitakataa kufunga kama huo utepe utabaki chini yake. Sogeza fremu ndani kidogo ipite ukingo wa utepe, au uisage pembeni kwa msasa laini.

Msasa nao una hatari ya kusaga kwa kukadiria, na mimi hufanya hivi. Nakata ukanda mwembamba wa manila ileile ya ngozi, naufunga kuizunguka fremu, naubana kwa vidole na kutia alama ya penseli pale ncha inapokutana na mwili wa ukanda. Nikiunyoosha mezani, urefu hadi kwenye alama ndio mzingo ambao fremu inadai. Naulinganisha na upana wa ngozi kutoka ukingo hadi ukingo, bila ulimi wa gundi. Ukanda ukiwa mrefu kuliko ngozi, nasaga mara nne au tano kuzunguka fremu yote kwa mkono mwepesi, napima tena, na kuendelea hivyo hadi vilingane. Ni kazi ya dakika kumi kwa kila fremu, na sijawahi kuharibu ngozi tangu nianze.

Jambo jingine ambalo halijatajwa ni nyuzi za karatasi. Manila hujikunja kirahisi upande mmoja na kukataa upande mwingine, kwa sababu nyuzi zake zimelala kuelekea upande mmoja. Shika ukurasa mtupu, uukunje taratibu bila kuuvunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, na kiganja chako kitakuambia upande upi ni mlaini. Mirija kama kiwiliwili inatakiwa ikunjwe upande ule mlaini, la sivyo ngozi itakuwa na vipande bapa kama pipa la mbao. Kabla ya kubandika, mimi naipitisha ngozi kwenye ukingo wa meza mara kadhaa, kisha naizungusha juu ya mpini wa mwiko, na kwa mirija myembamba natumia kijiti cha mshikaki au spoku ya baiskeli.

Mimi niko Tanga, na hapa unyevu ni adui wa kila siku. Wakati wa mvua manila iliyoachwa mezani usiku kucha huamka imejikunja yenyewe. Nazihifadhi kurasa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kama ngozi zimechapwa kwa printa ya wino wa maji, tafadhali mwalimu, zipulizie vanishi angavu kabla ya kutumia gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu nimewahi kuona rangi ya bawa zima ikihamia kwenye kidole gumba changu. Zilizochapwa kwa leza hazina shida hiyo, ila rangi yake hupasuka kwenye mkunjo. Hapo tia mkunjo kwanza kwa bik iliyokwisha wino, halafu ndipo ukunje.

MwalimuMoro

Dada BintiPwani, umenifumbua macho. Ni kweli utepe uko chini ya fremu. Wanafunzi wameifanya ile hesabu ya mzingo ubaoni, na mwalimu mwenzangu wa Hisabati amefurahi kuliko mimi. Swali la weupe wa kingo bado.

BintiPwani

Kingo hupakwa rangi kabla ya kubandika, si baada. Tumia rangi za maji za shuleni na brashi ndogo yenye maji kidogo sana, upake kwa upande wa brashi kutokea nyuma ya karatasi, ili rangi isivuje mbele. Rangi ichanganye kwa kuilinganisha na makombo ya ukurasa uliochapwa, usiilinganishe na picha ya kwenye simu. G-6 yako bila shaka ina vivuli vya kijivu: viwili vya kiza juu na kimoja cha mwanga, chenye ubuluu kidogo, chini. Penseli za rangi nazo zinafaa, lakini ukingo wa manila hunyonya wino wa kalamu za kuchorea na kuacha michirizi, kwa hiyo hizo ziache.

Mzee_Gundi

Vijana mmeimaliza kazi ya pengo vizuri. Mimi nimekuja kwa ajili ya kile kibao, kwa sababu kinasema jambo lisilowezekana, na mwalimu wa Historia atanisamehe.

Bf 109 G-6 haikupigana katika anga ya Uingereza mwaka 1940. Aina hiyo iliingia kazini mwaka 1943. Ndege ya mwaka 1940 ilikuwa aina ya E, ambayo Wajerumani waliiita Emil kwa kufuata jina la herufi hiyo katika alfabeti yao ya simu, kama walivyoiita F Friedrich na G Gustav. Tofauti zake si za jina tu, na zote zinaonekana kwenye karatasi. Emil ilikuwa na ncha za mabawa zilizokatwa karibu mraba, Gustav ina ncha za duara. Emil ilikuwa na nguzo mbili za kuegemeza bawa dogo la mkiani, moja kila upande, na Gustav haina. Juu ya pua ya G-6, ukitazama mbele ya kioo, kuna vinundu viwili vikubwa, kimoja kila upande. Vinundu hivyo viliwekwa ili kufunika sehemu za nyuma za bunduki za milimita 13 zilizochukua nafasi ya zile ndogo za awali, na marubani wenyewe walivifananisha na majipu. Kama faili lako lina vinundu hivyo, basi mnajenga ndege ya mwaka 1943 au baadaye, na kibao lazima kibadilike.

Tangi la ziada lililotajwa hapo juu nalo lina habari yake. Emil ilibeba lita 400 tu za mafuta ndani, na marubani waliotoka viwanja vya kaskazini mwa Ufaransa walikuwa na dakika chache sana za kupigana juu ya London kabla ya kulazimika kurudi. Tangi la lita 300 la kuning'inia tumboni lilianza kufungwa kwenye toleo la E-7, ndege nyingi zikiwa zimekwisha kupotea. Kwa hiyo kama mngependa kubaki na kibao chenu cha 1940, tafuteni faili la E-3 au E-4, na tangi msiliweke. Kama mnabaki na Gustav, liwekeni.

Katika kujenga, kumbukeni kwamba ndege hii haina ulinganifu wa kushoto na kulia, na wajenzi wengi wanageuza vipande bila kujua. Mdomo wa kuvutia hewa ya injini uko upande wa kushoto wa pua peke yake. Mkia wa wima nao umetengenezwa na ubavu mmoja uliotuna kuliko mwingine, ili kupambana na nguvu ya rafadha inayotaka kuigeuza ndege. Kwenye faili zilizochorwa kwa uangalifu, ngozi mbili za mkia huo zinatofautiana kwa upana kidogo. Mkikuta hivyo, msidhani ni kosa la mchoraji mkaipunguza moja.

Miguu ya magurudumu ibandikeni mwisho kabisa, na iingie ndani ya fremu ya kiwiliwili, siyo ndani ya bawa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye ndege yenyewe: mbunifu wake Willy Messerschmitt na wenzake waliiweka miguu kwenye kiwiliwili ili mabawa yaweze kufunguliwa uwanjani ndege ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Gharama yake ilikuwa magurudumu yaliyokaribiana sana, na ndege nyingi ziliharibika wakati wa kupaa na kutua bila risasi hata moja. Modeli ina udhaifu uleule. Pitisha waya wa spoku ndani ya mguu wa karatasi, utoboe fremu, uingize waya angalau sentimita 1 na nusu, na umwagie gundi ya kutosha. Mguu wa karatasi tupu utapinda kabla ya siku ya wazazi.

Anayependa kuziona zenyewe, za karibu ziko Johannesburg, katika makumbusho ya historia ya kijeshi yaliyoko Saxonwold. Wana Emil, wana Friedrich iliyotengenezwa kwa ajili ya jangwa, na wana Me 262, ndege ya jeti, ya viti viwili ya kuwindia usiku ambayo huwezi kuiona kwingine. Kwa Gustav, tazameni picha za ile iitwayo Black 6, aina ya G-2, iliyotekwa Libya mwaka 1942, ikakarabatiwa Uingereza kwa miaka mingi na kuruka tena Machi 1991, hadi ilipoanguka Duxford, hukohuko Uingereza, mwaka 1997. Haina vile vinundu vya G-6, lakini picha za chumba chake cha rubani ni nyingi na safi.

WembeMkali

Mzee, shikamoo. Nilikuwa sijui habari ya ubavu wa mkia. Mwaka juzi niliupunguza, na sasa naelewa kwa nini mkia wangu ulipinda.

Mwalimu, kioo cha chumba cha rubani usikitengeneze kwa karatasi. Ile plastiki angavu wanayowekea jalada la mbele la ripoti dukani inatosha kabisa. Bandika mchoro chini ya plastiki, ukate kwa wembe mpya ukifuata mistari, na utumie gundi nyeupe kwa ncha ya njiti ya meno. Supa gluu itaacha ukungu mweupe kwenye plastiki ambao hautoki.

MwalimuMoro

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa kunisahihisha bila kunivua nguo. Faili lina vinundu viwili, tumevihesabu. Kibao kimefutwa na kuandikwa upya: "Ujerumani, 1943." Swali langu la mwisho ni kuhusu alama ya Kinazi ya mkiani. Kwenye faili imechapwa vipande viwili pembeni ya ukurasa, mbali na mkia wenyewe, na wanafunzi wanataka kujua kwa nini.

Mzee_Gundi

Marahaba. Sheria ya jinai ya Ujerumani inakataza kuitumia alama hiyo hadharani, isipokuwa kwa mambo kama elimu, utafiti na sanaa. Wachapishaji wanaouza nchini humo hawapendi kuingia katika ubishi huo, kwa hiyo ama wanaiondoa kabisa, ama wanaikata vipande mnunuzi aamue mwenyewe. Darasani ningeibandika na kueleza ilikuwa alama ya nani na waliofanyiwa nini chini yake. Katika kabati la ukumbini, ambako watu hupita bila maelezo, ningeacha mkia mtupu.

MwalimuMoro

Nimerudi na matokeo. Fremu tumezichapa kwa asilimia 97, tumezisogeza nyuma ya utepe, na ile ya tatu tumeisaga mara mbili kwa kufuata ukanda wa dada BintiPwani. Pengo la tumboni sasa ni chini ya nusu milimita, na kijana yuleyule aliyekata ndani ya mstari ndiye aliyelifunga. Mkia tumeamua kuuacha mtupu, na vile vipande viwili nimevibandika kwenye daftari la maelezo ya somo. Kesho tunaanza rafadha.

BintiPwani

Kabla ya kuanza rafadha, mwalimu, ule ukurasa wake umechapwa kwa asilimia ngapi?

MwalimuMoro

Mia. Narudi dukani.